Gunia Anajifunza Kuangusha

Saa kumi na moja jioni, Jumanne, wanafunzi kumi na wanane wamesimama kandokando ya mkeka wa mieleka. Viatu vyao vimepangwa ukutani. Wanasubiri makofi mawili. Kocha wao hana filimbi na hajawahi kuwa nayo. Akiingia ukumbini hupiga makofi, pa, pa, na kila mtu anajua kazi imeanza.

Leo makofi hayaji.

Anayeingia mlangoni ni mwanamke mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji na sabuni. Bado amevaa gauni la buluu la kazini kwake, chumba cha kufulia cha hospitali. Ni mdogo wake kocha. Ametokea hospitalini, lakini si upande wa kufulia. Anavua viatu na kuvipanga ukutani kama wengine.

"Kocha haji leo," anawaambia.

"Anaumwa, Shangazi?" anauliza nahodha wa timu, msichana wa kidato cha tatu.

"Hakuumwa. Alikuwa kazini, akaanguka. Moyo umesimama. Ametutoka, wanangu."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwaka. Mwanamke huyo, ambaye wanafunzi wote wanamwita Shangazi Gunia, anasema hakuna aliyelia pale pale. Walibaki wamesimama wakiutazama mkeka.

"Nikajiambia, nikiwaruhusu waende hivi, watafika barabarani hawajui wanakwenda wapi. Nikawaambia, haya, tuanguke."

Katika ukumbi huo wa shule, mazoezi yote huanza kwa kuanguka. Kidevu kifuani, mgongo uwe mviringo, kiganja kipige mkeka kabla ya mgongo kufika. Marehemu alisema mtu asiyejua kuanguka hana haki ya kumwangusha mwenzake. Jioni ile walianguka mpaka giza likaingia wasiweze kuonana. Kilichosikika ni viganja tu.

*

Gunia ana miaka thelathini na tisa. Kazi yake inaanza kabla jua halijachomoza na kuisha saa tisa alasiri. Mashine ya kukamua inafanya kazi siku inapotaka yenyewe. Isipotaka, mablanketi yanakamuliwa kwa mikono, watu wawili wakisimama ncha hii na ncha ile na kusokota, kila mmoja upande wake, mpaka maji yaishe.

"Mabega haya ni ya mablanketi," anasema akijigonga begani. "Watu wanadhani ni ya mieleka. Mieleka imenipa mgongo tu."

Kaka yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Akiwa kijana alijifunza mieleka kwenye klabu ya vijana, akawa anarudi nyumbani na mambo mapya lakini hana wa kuyajaribia. Nyumbani walikuwa wawili tu na mama yao. Gunia alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Akaniambia, njoo nikuonyeshe kitu. Nikaenda. Nilikuja kuinuka mwaka huu."

Anacheka mwenyewe.

Walitandika magodoro sebuleni, mama akiwa jikoni anapiga kelele kwamba wakivunja kabati watalala ndani yake. Kaka alipopewa kazi ya kufundisha timu ya shule, alimchukua mdogo wake awe mtu wa kuonyeshea. Kila mtupo, kila ngwala, kila kabali ambayo wanafunzi wa shule hiyo wamewahi kujifunza, waliiona kwanza juu ya mwili wa Gunia. Jina walimpa watoto wenyewe, na alilipokea bila ubishi.

"Gunia halilalamiki," anasema. "Linatupwa, linakaa."

*

Baada ya mazishi, shule ilibandika tangazo la kutafuta kocha. Jambo lilikuwa la haraka. Chama cha mieleka hakipokei timu isiyo na kocha mwenye cheti, na mashindano ya shule hayasubiri msiba wa mtu. Mwalimu mkuu alisema wazi kwamba timu ikikosa kuandikishwa mwaka huu, ukumbi utakuwa stoo ya madawati. Madawati yenyewe yalikuwa yameanza kuletwa. Mawili, matatu, yakirundikwa kwenye kona.

Waombaji walikuwa wawili. Mmoja alikuwa kijana mwenye cheti, mpole, aliyewahi kuwa bingwa wa uzito wake. Wa pili alikuwa Gunia.

Mama yake hakufurahi. "Mieleka ilikuwa ya kaka yako," alimwambia. "Wewe ulikuwa unamsaidia tu."

"Neno hilo liliniuma kuliko mtupo wowote," anasema Gunia. "Kusaidia? Tangu utotoni mpaka leo? Nikasema, basi nitaomba. Wakininyima waninyime wao, nisijinyime mwenyewe."

Kila mwombaji alipewa jioni moja na timu, kamati ya watu watatu ikikaa kwenye benchi: mwalimu mkuu, mwalimu wa michezo, na mwakilishi wa wazazi, ambaye ni muuza nyama. Kijana wa cheti alifundisha vizuri. Watoto walimpenda.

"Hata mimi nilimpenda," anasema Gunia. "Ningekuwa kwenye kamati ningempa kura."

Jioni yake ilipofika, alianza na kuanguka, kama kawaida. Hapo hakuna wa kumshinda. Kisha mwalimu mkuu akamwomba aonyeshe mtupo mmoja, wowote anaoutaka.

Gunia alichagua mtupo wa nyonga, uliompa kaka yake sifa. Akamwita mwanafunzi mzito kuliko wote, anayeitwa Tani, ambaye ni mtoto wa yule muuza nyama. Akamshika mkono, akapitisha mkono wake nyuma ya shingo, akageuka, akaingiza nyonga.

Kisha mwili wake ukafanya ulichozoea. Mguu uliotakiwa kubaki chini ukaruka wenyewe. Tani alibaki amesimama wima kama mlingoti. Aliyekuwa chali kwenye mkeka, kidevu kifuani, kiganja kimepiga vizuri kabisa, alikuwa Gunia.

"Jamani, mimi sijafanya kitu!" Tani alipiga kelele.

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Muuza nyama alicheka mpaka akatoa leso.

"Nimechinja miaka yote," alisema, "sijawahi kuona ng'ombe anayejilaza mwenyewe!"

Gunia anasema pale chini ndipo alipojua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Hajawahi kumwangusha mtu. Hata mara moja. Katika miaka yote ile zamu yake haikuwahi kufika, na wala hakuwahi kuiulizia.

Angeweza kuvaa viatu akaondoka. Badala yake alinyoosha mkono.

"Niinue, Tani. Sasa nitupe wewe."

Tani akamtupa. Gunia akazungumza akiwa hapo hapo chini. "Goti lako limenyooka mapema. Nilikuwa na mlango wa kutokea. Rudia."

Akamtupa tena. "Mkono umelegea. Rudia."

Mara ya tatu Gunia alitua, akapumua. "Hapo sikuwa na pa kwenda. Umesikia tofauti?"

"Nimesikia, Shangazi."

"Anayefuata."

Walipanga foleni wote. Alitupwa na kila mmoja wao, na kila mmoja akaambiwa yake. "Kocha alikuwa anatuonyesha kwa Shangazi," anasema nahodha. "Hatukuwahi kumuuliza Shangazi anasikia nini."

*

Kura zilikuwa mbili kwa moja. Gunia alipewa kazi kwa masharti. Apate cheti cha chama kabla ya mashindano, la sivyo nafasi ni ya yule kijana. Posho ya ukocha haifiki hata robo ya mshahara wake wa kufulia, na mshahara wenyewe hauna sifa.

Aliyesema hapana alikuwa muuza nyama, na hafichi.

"Mwanangu ana kilo tisini," anasema akifuta kisu. "Nataka kocha wa kumwangusha. Kijana mwenye nguvu asipoangushwa mapema, anaota pembe. Huyu mama nilimwona kwa macho yangu akijiangusha. Mngekuwa nyinyi mngesemaje?"

Yule kijana alimpigia simu Gunia siku iliyofuata. "Dada, nafasi naisubiri, lakini sikuombei ukosee."

"Asante, mdogo wangu," Gunia alimjibu. "Ila subiri umekaa. Ukisimama utachoka."

Mtihani wa cheti ulitaka aonyeshe mambo matano, na yote matano ni ya kumwangusha mtu. Alianza mazoezi kazini. Mashuka machafu hufungwa mafurushi makubwa yanayomfikia mtu kifuani. Kabla ya mwenzake wa zamu hajafika, Gunia alikuwa anayakumbatia na kuyabwaga chini, moja baada ya jingine.

"Nilidhani ana ugomvi na wagonjwa," anasema mwenzake huyo, mama wa makamo. "Nikamuuliza, wewe, furushi limekukosea nini? Akaniambia, halijanikosea kitu, ndiyo shida yake."

Shida ilikuwa kweli hiyo. Furushi halikushiki wala halikatai, na halikugeuzii mguu. Alihitaji mtu. Lakini watu wazima aliowaomba walisingizia migongo yao, na watoto aliwakataa mwenyewe. "Siwezi kujifunzia kutupa kwa watoto wa watu. Wao wananitupa mimi. Ndivyo inavyotakiwa."

Jumamosi moja asubuhi, muuza nyama alikuja ukumbini. Alikuwa ameoga, anasema Gunia, ananukia sabuni, na alivua viatu bila kuambiwa.

"Kura yangu ilikuwa ya hapana na siiombei radhi," alisema. "Lakini Tani kaniambia huna mtu. Nitupe mimi."

"Unajua kuanguka?"

"Ningejua ningekuwa nauza maini?"

Kwa hiyo Gunia hakumtupa. Jumamosi hiyo na iliyofuata alimfundisha kuanguka kwanza, kama anavyofundishwa kila mtu katika ukumbi huo. Muuza nyama alianguka kama kabati. Tani, aliyekuja kutazama, alitolewa nje kwa kucheka.

Jumamosi ya tatu ndipo kazi ilipoanza. Mara ya kwanza Gunia aliruka yeye. Mara ya pili walianguka wote wawili, wakabaki wamelala ubavu kwa ubavu wakitazamana.

"Uambie mguu wako hilo si gari lake," alisema muuza nyama. "Usipande."

Gunia alisimama. Alijaribu ngwala, ambayo haihitaji kugeuka mgongo. Alimvuta, akamfagia mguu, yeye mwenyewe akabaki wima. Muuza nyama alikwenda chini na kiganja kikapiga mkeka. Alilala akitazama juu.

"Umeumia?" Gunia aliuliza.

"Hapana. Nilikuwa sijui kama paa hili linavuja."

Gunia alikaa chini pembeni yake. Muuza nyama hakumharakisha.

*

Mtihani ulifanyika mwezi uliopita, kwenye ukumbi wa chama, mbele ya watahini watatu. Muuza nyama alifunga bucha akaenda naye kuwa mtu wa kutupwa. Ngwala ilipita. Mtupo wa bega ulipita. Mengine mawili yalipita, moja kwa shida. Ulipofika mtupo wa nyonga, Gunia alimshika, akageuka, na mguu ukaruka.

Mmoja wa watahini alimwuliza kwa nini huo tu.

"Huo ndio kaka yangu alionitupa nao siku ya kwanza, kwenye godoro la mama," aliwajibu. "Mengine nimeyatenganisha na yeye. Nikifika pale, mwili bado unamsubiri."

Hawakumwongezea alama kwa jibu hilo, na yeye hakutaka waongeze. Chama kilimpa kibali cha muda mpaka mwisho wa mwaka, arudi kuonyesha mtupo huo mmoja. Kamati ya shule ilikaa tena na kukubali kibali hicho. Timu imeandikishwa. Safari hii kura zilikuwa tatu.

"Msinielewe vibaya," anasema muuza nyama. "Bado nataka aumalize. Mgongo wangu nimeshautoa, sasa nataka kazi iishe."

Yule kijana mwenye cheti amepata timu nyingine na watakutana naye kwenye mashindano, baada ya wiki tatu. Madawati ya kwenye kona yametolewa. Nyumbani, zamani jirani akiuliza Gunia yuko wapi, mama yake alikuwa akijibu, "Kamfuata kaka yake." Siku hizi anajibu, "Yuko kazini." Gunia anasema alilisikia jibu hilo akiwa bafuni, akafunga maji ili alisikie vizuri.

Anapanga kurudi kwa watahini kabla mwaka haujaisha. Kila Jumamosi muuza nyama anakuja, wanaanza na yale manne, kisha wanaingia kwenye la tano. Jumamosi iliyopita mguu ulibaki chini, lakini nyonga ilichelewa, na wakaanguka wote wawili.

Siku za shule mazoezi ni saa kumi na moja jioni, kama zamani. Makofi hayapigwi tena. Gunia anapanga viatu vyake ukutani, anapiga magoti, anapiga mkeka kwa kiganja mara mbili, na wanafunzi kumi na wanane wanaanza kuanguka.