Ndege ya Baba na Salamu za Bibi

Harufu ya gundi ya moto ikinifikia popote hata leo, hunirudisha jikoni kwetu Grand Prairie, mji uliobanwa katikati ya Dallas na Fort Worth, ambako baba yangu alitengeneza ndege juu ya meza ya kulia chakula. Alikuwa akipakia na kupakua mizigo ghalani, na kila jioni alirudi na vipande vyeupe vya povu gumu, lile linalowekwa kuzunguka televisheni mpya ili isivunjike. Mabawa yalitoka humo. Mota ndogo, betri na rimoti alivinunua kwenye soko la vitu vilivyotumika, kwa mtu aliyekwisha kuchoshwa na mchezo huo. Mama alilalamika kwamba tunakula ugali wenye chembe za povu, na hakuwa akitania, maana mimi mwenyewe niliwahi kuzitema. Lakini ndege iliruka. Nilikuwa na miaka kumi, na niliamini kwamba baba hashindwi na kitu.

Kumbe kimoja kilimshinda, nacho kilikuwa kwenda kwao. Mama yake, Bibi Mwanaidi, aliishi Mpwapwa. Uzee ulikuwa umemziba masikio, na simu kwake ilikuwa kelele tupu. Baba alipiga ukelele, "Mama, ni mimi!" mpaka jirani wa juu akagonga sakafu, na upande wa pili bibi akauliza, "Nani? Nani?" kisha simu ikapewa mtu mwingine. Makaratasi yetu ya ukaazi yalikuwa bado yanashughulikiwa, na mwanasheria alishatuonya kwamba ukitoka, hutarudi. Ndiyo maana Anko Hamisi, rafiki wa baba ambaye tulimhesabu kama ndugu, alipopata safari ya Tanzania, baba alimkabidhi kamera yake ya bei ya chee, ndogo kama kiberiti, isiyo hata na kioo cha kutazamia. "Mrekodi mama aseme chochote," alimwambia. "Hata akinigombeza, sawa tu."

Anko Hamisi alirudi siku ya Alhamisi na dagaa, ubuyu na ile kamera. Alieleza kwamba alimketisha bibi barazani, akawasha kamera mbele yake, kisha akatoka nje ya ua, kwa sababu maneno ya mama kwa mwanawe hayasikilizwi na mtu wa pembeni. Baba alimshukuru sana kwa adabu hiyo. Jambo moja tu Anko alilisikia, nalo ni lile bibi alilomwambia walipoagana, kwamba angependa kupaona mahali mwanawe anapoishi. Sisi hatukuwa na kompyuta. Anko angeleta yake Jumapili, siku ya mapumziko ya mama, ambaye alikuwa akiwahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia na siku nyingine alirudi amechoka hata kuongea hataki. Baba alikataa katakata kutangulia peke yake. "Salamu za mama hazisikilizwi nusu nusu," alisema. "Tutakaa sote." Basi kamera ikawekwa juu ya friji, na mimi nikawa nakwenda kunywa maji bila kiu, nipate tu kuitazama.

Kwetu, jirani akikuletea futari katika bakuli, bakuli lile halirudi tupu. Utatia chochote, hata kama ni sukari kidogo. Baba alifundishwa hivyo na bibi huyo huyo. Mdogo wake Anko Hamisi alikuwa anaondoka Jumatatu kwenda Dodoma, na kadi ya kamera, ile inayohifadhi picha na sauti, ingekwenda naye pamoja na kompyuta ya kumwonyeshea bibi. Hapo ndipo baba alipopata wazo lake: majibu yataingia katika kadi ile ile, nyuma ya maneno ya bibi. Kamera itapanda ndegeni ipige picha nyumba zetu, barabara na shule yangu kutoka juu, na asiyesikia ataona. Mama, akivua viatu vya kazi Ijumaa jioni, hakupendezwa.

"Baba Rehema, si ununue kadi nyingine? Hiyo uiweke."

"Mama kanipa chombo kimejaa, nimrudishie kingine?"

"Basi subiri Jumapili tu-copy kwanza kwenye laptop."

"Jumapili mvua, nime-check. Kesho ndiyo siku yenyewe."

"Dad, can I hold the remote?" nilidakia, na mama akanitazama kwa jicho lililonituma kitandani.

Jumamosi asubuhi baba aliifunga kamera kwenye pua ya ndege. Ndege ikainamia mbele, ikabidi betri isogezwe nyuma. Aliibeba kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, akisogeza na kupima, akisogeza na kupima, mpaka ikatulia. Chini ya kamera aliweka kipande cha sponji ya kuoshea vyombo ili picha isitetemeke, kisha mipira ya kufungia na utepe wa gundi. Tukaenda kwenye uwanja wazi ng'ambo ya maghorofa tunamoishi. Ilipaa vizuri ajabu. Ilizunguka mara kadhaa juu ya mapaa yetu, nami nikaipungia mkono, nikijua kwamba ninampungia bibi. Shule ilikuwa mbali kidogo, kwa hiyo baba akaipandisha zaidi ili ionekane, na kule juu upepo wa Texas ukaichukua. Alisukuma vijiti vya rimoti kushoto, haikugeuka. Akainua rimoti juu ya kichwa na kukimbia, nami nikakimbia nyuma yake, mpaka uzio wa barabara kuu ukatuzuia. Magari yalikuwa yakipita kwa kasi na ndege ilikuwa upande wa pili, nukta, kisha si kitu. "Haisikii," baba alisema, vidole bado vinasukuma. "Haisikii, Rehema."

Tulizunguka mitaa ya ng'ambo ile hadi jua likazama. Nilibisha hodi mimi, nikaeleza mimi, maana Kiingereza cha baba kilikwama kooni. Wengine walitufungulia uani, mmoja akapanda ngazi kutuangalizia paa lake. Hakuna. Jumapili Anko Hamisi alikuja na kompyuta yake kama alivyoahidi, na mama alikuwa amepika pilau. Tulikaa sote, kama baba alivyotaka, na kompyuta haikufunguliwa.

"Alisema nini, Hamisi?" baba aliuliza.

"Sikusikia, ndugu yangu. Nilitoka nje."

"Ulipomwacha alikuwa anacheka? Analia?"

"Nilitoka, wallahi."

Aliuliza tena, kwa maneno mengine, na tena. Sikuwa nimewahi kumwona baba akiomba kitu kwa mtu asiyekuwa nacho, na nilitamani Anko aondoke. Maji yakimwagika hayazoleki. Bibi alifariki kabla hatujapata msafiri mwingine wa kumpa kamera. Baba aliyafuata mazishi kwa simu, amesimama kwenye maegesho ya magari, akiitikia dua za watu ambao hakuweza kuwaona. Alimzika mama yake amevaa fulana ya kazini. Mimi nilikuwa dirishani na sikujua la kumfanyia, na hadi leo sijui.

Siku hizi naishi Alief, Houston, na ni muuguzi. Wanangu hurekodi kila kitu, hata paka akipiga miayo, na simu inayahifadhi yote bila kuulizwa. Baba yuko kule kule Grand Prairie, makaratasi yalikwisha kutoka, magoti ndiyo yaliyochoka. Kutoka kwangu hadi kwake ni saa nne tu kwa gari. Mwaka jana nilimpigia nikamwomba ajirekodi, aseme chochote kwa ajili ya wajukuu.

"Sijirekodi," alisema.

"Baba, dakika mbili tu, jamani."

"Mama hakuweza kuja, nami sikuweza kwenda, ndipo tukatafuta kamera. Wewe mwanangu, nini kinakuzuia?"

"Kazi, baba. Nita-switch shift nije."

"Haya. Karibu."

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani. Idi zote mbili zimepita sijaenda, na maneno yake bado anayo mwenyewe.