Damu ya Waliokula Daku

Kwa miaka tisa Rahila aliwatia watoto wa kijiji cha Wambaa matone ya vitamini A mdomoni, hata wakamwita Bi Matone. Mwaka huu watafiti walimpa kazi iliyomtia furaha kubwa: kuwakusanya wanawake kumi na wawili watolewe damu. Ingepimwa protini inayoibeba vitamini hiyo mwilini, kwani protini hiyo ikizidi huenda ikaidhoofisha insulini na kuleta kisukari.

Aliwaambia wote, “Njooni mmefunga.”

Asubuhi hakukosekana hata mmoja. Rahila aliwapanga kwenye mabenchi, akauliza ili ahakikishe tu, “Mmekula lini mara ya mwisho?”

“Alfajiri, saa kumi,” akajibu Bi Tatu. “Muhogo na samaki. Kwani mtu afunga bila ya daku?”

Alitakiwa mtu ambaye hajala kwa saa nane, na gari la watafiti halingerudi tena kijijini.

“Kosa langu,” Rahila akasema. “Ningesema mje na njaa.”

“Njaa utaipata, mwanangu,” Bi Tatu akacheka. “Niya tumeshatia, hatuli mpaka magharibi. Wewe hesabu saa zako.”

Rahila alihesabu kwa vidole: saa sita mchana. Alimkimbilia mtafiti aliyekuwa garini, akamsihi angoje, naye akakubali.

Saa sita Bi Tatu alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa baibui. Gari liliondoka na vichupa kumi na viwili, na Rahila akalisindikiza kwa miguu mpaka barabara kuu, akicheka peke yake.