Mama Kipimo na Mvua Iliyosogea

Kwa miaka thelathini na minne, kila saa tatu asubuhi, Mama Kipimo alivuka uwanja wa kituo cha kilimo, akainama kwenye kopo la shaba lililosimikwa nyasini, akamimina maji ya mvua katika bilauri nyembamba yenye mistari. Akisha kuandika milimita daftarini, aliyamwaga chini taratibu, kama anayemlaza mtoto. Siku kavu aliandika sufuri, nayo kwa mwandiko mzuri.

Jina hilo alipachikwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mkulima wa mahindi mwenye maneno mengi. "Shemeji, leo umetupimia ngapi? Ongeza kidogo basi."

Mwaka aliostaafu, mahindi yalinyauka kwa mara ya tatu mfululizo. Shemeji akawa anasema mvua imeisha duniani. Mama Kipimo hakumbishia. Alitandaza madaftari yote sakafuni sebuleni, na kwa wiki nzima yeye na binti yake, mwalimu wa hesabu, wakajumlisha. Karatasi zilinuka ukungu. Kila tarakimu ilimchukua mbali: asubuhi hii alikuwa na mimba ya binti huyu; wiki hii ya msiba wa mumewe mwandiko umeyumba, lakini hakuna siku iliyorukwa. Mara nyingine alifumba macho nusu, akisikia mvua ya zamani ikinong'ona juu ya bati.

"Mama, jumla ya mwaka ni karibu ileile," binti alisema. "Ila siku za mvua zimepungua kwa theluthi, na msimu unachelewa kuanza kwa wiki tatu kuliko zamani."

"Kumbe ipo," mama akasema polepole. "Inachelewa tu, halafu inakuja yote kwa pamoja."

Shemeji aliutazama mchoro ambao binti aliuchora kutokana na hesabu hizo, akakuna kidevu. "Mimi napanda tarehe aliyopanda mzee wangu."

"Mzee alikuwa na mvua yake, shemeji. Wewe una yako."

Shemeji alinuna siku mbili. Kisha akachimba matuta ya kuzuia maji, akatafuta mbegu za muda mfupi, akasubiri huku majirani wakipanda na kumcheka. Mvua ilipokuja, ilishuka kwa kishindo. Shamba lake la bondeni lilisombwa lote. La mlimani, lenye matuta, likakomaa.

Baada ya mavuno, majirani waliomcheka, sasa wakitaka kujua wapande lini, walijaa sebuleni kwa Mama Kipimo, viatu vimerundikana mlangoni. Binti aliwaeleza mchoro, mstari kwa mstari. Mama mwenyewe alisinzia kitini, akitabasamu, sauti zao zikimpitia kwa mbali.