Kampuni ziliungana, HR akaja kutupunguza Tabora, kumbe ni mtani wangu

Wakuu, habari za mihangaiko. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa intaneti hapa Tabora, Mnyamwezi. Kampuni yetu ndogo iliunganishwa na kampuni kubwa ya Dar. Tukapewa fulana mpya, tukapiga picha, tukala pilau.

Fulana hazijafuliwa hata mara moja, tukasikia HR anakuja kupunguza watu.

Nyumbani nina mtoto mchanga, kodi inanisubiri. Usingizi ulikata kabisa.

HR akafika, mama wa makamo, Bi Mwanahawa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akasema kwao Kisarawe.

"Mzaramo?"

"Mzaramo haswa."

Nikapumua. Kwa msiojua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani hakasirikiwi. Msibani anaweza kulala kaburini akazuia maziko mpaka apewe kitu.

Basi alipotangaza kwamba ofisi inafungwa na wote tunaondoka, nikajilaza mlangoni. Chali, na fulana yangu mpya.

"Maiti haitoki! Mzaramo umeua ofisi yetu, toa ubani!"

Wenzangu wakaganda. Meneja wetu, Mchaga wa watu, akafumba macho.

Bi Mwanahawa akaweka mkoba chini. "Mnyamwezi weye, kubeba mizigo kote kule mpaka pwani, leo ndo umechoka? Haya, unataka nini?"

"Ule mnara wetu wa intaneti kule Goweko, na vile vifaa vya zamani mnavyotaka kutupa."

Alicheka mpaka akatoa leso. Kazi hakuweza kunirudishia, alisema wazi, na iliniuma sana. Ila mnara na vifaa alivipigania kwa wakubwa zake mpaka tukapewa kwa maandishi.

Mimi na wenzangu wawili tukahangaikia leseni (hapo tuliteseka, nitasimulia mkiniuliza), tukaanza kuuza intaneti kwenye maduka ya Goweko. Wakulima wa tumbaku wakaleta ndugu zao. Sasa hivi tumefika hadi Puge, na mtoto wangu anatembea.

Sasa sikieni ya wiki iliyopita.

Nimefika asubuhi kufungua ofisi, nakuta mtu kalala mlangoni, kajifunika khanga gubigubi. Nikajua mgonjwa. Kufunua, Bi Mwanahawa!

Kampuni yao imeungana tena na nyingine, na safari hii yeye ndiye kapunguzwa. Kapanda treni mpaka Tabora.

"Hapafunguliwi hapa mpaka nipewe kazi. Na chai."

Wakuu, nilicheka huku machozi yananitoka. Nilifurahi kuliko siku niliyoajiriwa.

Nilichojifunza: ukipunguzwa kazi, usione haya kuomba kile wanachotaka kutupa. Na aliyekuletea habari mbaya usimchukie, hata yeye hajui kesho yake.

Nanyi mliopitiwa na hizi merger, mlitokaje? Mwageni hapa chini.

Wazaramo mnaotaka kunitukana, pangeni foleni. Bi Mwanahawa yuko meza ya pili, ameshaanza tangu asubuhi, na chai yangu kainywa.