Spika ya Wanzala na Nyota za Mitchelle

Phanice Nasipwondi aliacha shule darasa la saba, lakini mdomo wake uliendelea na masomo. Ana miaka arobaini na sita, kwao ni Kimilili, kwake ni Soweto West kule Kibera, na kazini kwake ni kibanda cha mabati pale Kawangware 56, anaposuka rasta. Wateja hufuata vidole, mdomo wanauvumilia.

Adui wake wa kudumu ni mmoja, Wanzala, mhubiri wa stegi ya matatu. Kila saa nne asubuhi hufika na spika ya honi, akaielekeza mlangoni mwa saluni kama mtu anayemwagilia sukuma wiki. Phanice alimshtaki kwa wazee wa stegi. Wakaja wawili, wakaketi kwenye hadiwea ya Kavoi, duka la misumari na saruji lililo nyuma ya mgongo wa Wanzala, wakanywa soda na kusikia mnong'ono tu. Wakasema mama wa saluni anatia chumvi. Kavoi naye akachochea: "Mama, hicho kispika ni kitoto. Kelele ni wewe."

Ijumaa moja alikuwa akimsuka Mitchelle, binti wa jirani yake Seline. Mitchelle anasomea mambo ya nyota chuo kikuu. Saa nane mchana alitakiwa asimame mbele ya maprofesa watatu aeleze mradi wake. Mara ya kwanza walimuuliza swali moja akakwama kabisa. Leo ilikuwa nafasi ya mwisho. Akishindwa, anarudia mwaka mzima.

"Nieleze mimi kwanza," Phanice akasema.

"Auntie, ni fizikia."

"Na hiki ni kichwa, kiko mkononi mwangu, nusu kimesukwa nusu bado. Nisipoelewa, unaenda hivyo hivyo."

Mitchelle akacheka, kisha akaona kichana kimesimama kweli. Akaanza.

"Kwenye galaksi za jirani, makundi ya nyota yaliyo nje ya kundi letu, kuna nukta zinazong'aa kwa eksirei. Ile miale ya kupigia picha mfupa uliovunjika. Nukta moja inashinda majua laki kadhaa yakiwekwa pamoja."

"Ni nini hicho?"

"Zingine ni mizoga ya nyota. Midogo, Auntie, upana kama kutoka hapa hadi Embakasi. Mzoga unakaa na nyota jirani, unainyonya."

"Namjua mtu kama huyo kwenye ploti yetu. Endelea."

"Chakula kikianguka kinapata moto, kinawaka. Lakini kuna kikomo. Mwanga ukizidi sana, unakisukuma chakula nyuma, kisifike. Sasa hizi zinaonekana zimepita kikomo mbali sana. Waliniuliza, inawezekanaje? Jibu liko kitabuni, nimelikariri, lakini wakinitazama machoni linapotea."

Saa nne ikafika. Wanzala akawasha. Mabati yakatetemeka, chupa ya mafuta ya nywele ikatembea yenyewe mezani. Phanice akafungua mdomo amtusi, halafu akaufunga. Wateja wawili waliokuwa kwenye foleni wakatazamana kwa wasiwasi.

"Mitchelle," akasema polepole, "hao wanaopima huo mwanga, wako upande gani?"

"Upande wetu tu. Hakuna mtu upande mwingine."

"Ala! Inuka. Nenda hadiwea kwa Kavoi usikilize."

"Na kichwa hiki?"

"Twende kazi!"

Mitchelle akatoka, upande mmoja rasta, upande mwingine umesimama kama ufagio. Stegi nzima ikaangua kicheko. Wanzala hakuacha riziki ipite: "Tazameni! Binti huyu ameokoka nusu!"

Alirudi akikimbia. "Auntie, kule nyuma hata redio ya Kavoi inamshinda!"

"Sasa mimi nikikaa hapa mbele nikadhani anamwaga kelele hivi pande zote, nitampa nguvu gani?"

"Nguvu asiyokuwa nayo." Mitchelle akaketi kwa kishindo. "Ile nukta ina honi. Mwanga umebanwa ukaelekezwa kwetu!"

"Geuza kichwa nimalize."

Saa kumi na moja jioni Mitchelle alirudi, rasta zikining'inia vizuri. Waliuliza swali lile lile. Akawaeleza habari za Wanzala, na profesa mmoja akacheka hadi akavua miwani. Mwingine akambana: kwa hiyo ni honi tu? Akajibu hapana, nyingine kweli zinakula kupita kiasi, na wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha honi na kiasi gani cha ulafi.

"Wakasema?"

"Nimepita, Auntie."

Phanice alimkumbatia, kisha akamkaripia asiharibu nywele.

Jumatatu alimngoja Wanzala na chai na maandazi mawili. "Mtumishi, sisi wa huku tumeshasikia, hata viziwi. Lakini Kavoi pale nyuma, maskini, hajapata hata neno moja." Wanzala, mdomo umejaa andazi, akaona ni kweli. Akaigeuza honi.

Kabla ya saa sita Kavoi alikuwa mlangoni, amejaza pamba masikioni. "Mama! Huyu jamaa amenunua spika mpya?"

Phanice hakuinua macho kwenye nywele. "Ni kile kitoto chako. Njoo ukae huku nyuma yake, uone kilivyo kidogo."