Maji ya Kituo cha Kwanza

Vidole viwili vya Harlan Stiltner vilibaki mgodini mwaka 1931. Kampuni ya makaa ikaona hawezi tena kushika sururu, ikampa reki na uwanja wa besiboli autunze. Mwaka huohuo ndipo timu ya Wachimbaji wa Laurel Fork ilipozaliwa, katika ligi ya chini kabisa, ile ambayo vijana huipitia wakielekea kwenye majina makubwa au wakirudi kwao. Kwa hiyo ukitaka historia ya timu hii, ndugu yangu, usitafute makombe. Mtafute Harlan.

Alikuwa na ujanja wake. Ikija timu yenye wakimbiaji hodari, alfajiri alilowesha ardhi kwenye kituo cha kwanza, kisha juu akatandaza vumbi kavu. Mgeni akichomoka kwenda kituo cha pili, miguu inazama, anawahiwa njiani na kutolewa mchezoni. Mkewe tu ndiye aliyejua.

Agosti 1955 ikaja barua: msimu ukiisha, timu inavunjwa. Watu walikuwa wamenunua televisheni, viti vilikuwa vitupu. Wachimbaji walikuwa wamefungwa mechi kumi na moja mfululizo, na ilikuwa imebaki moja. Harlan alitaka kitu kimoja tu, daftari la ligi lifungwe kwa ushindi. Wageni wa siku hiyo walikuwa na mbio za kutisha. Akamwaga maji, akaongeza na mengine.

Kufika raundi ya nne, Wachimbaji walikuwa mbele, tatu bila. Oma Ratliff, mjane aliyekalia kiti kilekile tangu siku ya kwanza, alikuwa amesimama, akimzomea mkimbiaji wa wageni aliyekwama.

"We baba, hiyo ni miguu au magogo? Rudi kwenu ukalale!"

Ndipo mvua ikashuka. Na sheria ni hii: raundi tano zisipokamilika, mchezo unafutwa, kana kwamba hakuna aliyecheza. Turubai la kufunikia uwanja lilikuwa limechanika tangu Julai, na nani angenunua jipya?

Ilinyesha dakika ishirini tu, jua likarudi. Mwamuzi, Bwana Pruitt, akazunguka uwanja akikanyagakanyaga. Kote kuzuri. Kituo cha kwanza mguu ukazama hadi kifundoni.

"Mzee Harlan, mvua ile ndogo ndiyo imefanya hivi?"

"Nipe nusu saa, bwana."

Akamwaga mchanga. Akamwaga maranda. Akamwaga petroli, akawasha.

"Wakaange, kaka!" Oma akapiga kelele, watu wakashangilia.

Moto ukazimika. Juu ganda, chini uji. Pruitt akajaribu tena. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki.

"Nimekupa saa nzima, mzee. Basi la wageni linaondoka."

"Raundi moja tu, Bwana Pruitt. Moja."

"Na mtu akivunjika mguu?"

Mchezo ukafutwa; mwandishi wa matokeo akachana karatasi yake.

Oma akaja hadi kwenye uzio, macho mekundu. "Usijilaumu, kaka Harlan. Ni mvua. Wewe ungefanya nini?"

Harlan akafungua mdomo. Akamtazama yule mama.

"Ni mvua," akasema.

Miaka yote iliyofuata, Oma alisimulia nje ya kanisa jinsi mvua ilivyowanyang'anya ushindi wao wa mwisho, na kila mara alimgeukia Harlan.

"Si ndivyo, kaka? Wewe ulikuwepo."

"Ndivyo," alisema Harlan, akijifanya anatafuta kofia yake.