Baba Alivaa Saa Mkono wa Kulia

Juzi nilimpeleka binti yangu wa mwisho kwa muuza saa hapa Mombasa. Muuzaji, bila hata kuuliza, akaukamata mkono wa kushoto wa mtoto. Mtoto akauchomoa, akampa wa kulia. "Huu wa kushoto naandikia," akamwambia. Muuzaji akacheka, akaifunga saa kulia, na mambo yakaishia hapo. Mimi nilitoka dukani, nikakaa kwenye ngazi za jirani mpaka mtoto akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua. Wewe, rafiki yangu, sitakudanganya. Nitakwambia.

Mashoto ya mtoto huyu ni yangu, na yangu niliyapata kwa baba. Tulikaa Ngumi, kusini ya Kismayo, kisiwa ambacho ukianza kumwita mtu upande huu anaitika akiwa upande wa pili. Baba alikuwa fundi wa vyombo vya baharini. Asubuhi nikitoka kisimani na ndoo kichwani nilikuwa nasikia tezo lake, kile kishoka cha kuchongea, likichonga mbao, ko, ko, ko, kisha kimya kidogo anapopuliza vumbi, kisha ko tena. Pale kwenye banda lake kulinuka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa chombo, na wageni kutoka Kismayo walikuwa wakiziba pua. Sisi tulikuwa hatuisikii kabisa harufu ile. Leo ningeipata hata kwenye kitambaa kichafu, ningelala nacho.

Baba alishika tezo kwa mkono wa kushoto. Kula alikula kwa wa kulia, kwa sababu mama yake, ndiye bibi yangu, alimrekebisha angali mdogo. Bibi huyo huyo alinirekebisha na mimi. Sinia la wali na samaki wa nazi likitengwa, alikuwa ananifunga mkono wa kushoto mgongoni kwa ncha ya leso yake, halafu ananisukumia tonge. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mzito, wali unamwagika mkekani, kuku wanasogea. "Wewe unalisha kuku au unakula?" alikuwa akisema, na watu wote kwenye sinia wanacheka, nami nacheka huku machozi yananitoka. Nilijifunza. Bibi alikuwa na subira kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na fundo lake halikuwahi kuniumiza. Alitangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla ya mambo kuharibika, na nadhani Mungu alimpenda.

Sasa hiyo saa. Baba aliipata Kismayo, kwa baharia mmoja ambaye baba alimtengenezea mashua. Ilikuwa na mkanda wa chuma, ule unaovutika na kung'oa vinyweleo vya mkono. Kwa kuwa mkono wake wa kazi ni wa kushoto, aliivaa kulia, mbali na tezo. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa mtu wa kupenda mifano, alimwona msikitini na saa yake, akaja kutuambia sisi watoto: "Mtazameni fundi. Watu wote wanavaa saa kushoto kwa kuiga, yeye peke yake ameupa heshima mkono wa kuume. Huyo ni mchu wa sunna." Mchu kwetu ni mtu. Nilirudi nyumbani mbio na sifa hizo. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mama akamwambia akamweleze mwalimu ukweli. "Nimweleze nini?" baba akasema. "Mara moja katika maisha yangu nimesifiwa kwa dini, nawe wataka nizikatae sifa."

Mwalimu aliyemsifu baba ndiye aliyenichapa mimi. Nikisahau, nikaandika ubao wangu kwa kushoto, kiboko kinatua kwenye vifundo vya vidole. Nilivumilia mpaka siku mwalimu alipopita bandani na kumkuta baba ameshika tezo kwa kushoto. Akaelewa kwa nini saa ilikaa kulia. Hakumwambia baba kitu, ila kesho yake chuoni alitoa darasa refu juu ya watu wanaojionyesha, na watoto wakajua anamsema nani. Tangu siku hiyo jina langu likawa Mashoto mwana wa Mashoto. Kisimani Mashoto, ufukweni tukiokota kombe Mashoto, hata mtoto wa jirani ambaye meno ya mbele hayajaota akajifunza kulisema. Nikaichukia ile saa. Niliona kama baba asingeivaa kulia, hakuna mtu angejua, na mimi ningepona. Ni akili ya mtoto wa miaka tisa, lakini nilikuwa nayo na nilikuwa mkaidi nayo.

Halafu serikali ya kwetu ikavunjika. Kismayo ikawa mara mikononi mwa hawa, mara mikononi mwa wale, na kila waliofika kwa bunduki walikuja na visiwani. Walichukua mashine za boti, nyavu, dhahabu masikioni mwa wanawake. Mama alizika bangili zake chini ya jiko na mpaka leo ziko huko, kama kuna huko. Wazee wakakata shauri: wanawake na watoto watangulie Kenya, kwa boti moja ambayo mashine yake ilikuwa imefichwa mchangani. Baba na wanaume wachache wabaki siku tatu nne wamalize kukalafati chombo kingine, kukiziba nyufa, wachukue wagonjwa na wakongwe, wafuate.

Tuliondoka asubuhi, jua limeshapanda, watu wanaitana, sufuria zinagongana. Mama alikuwa tayari botini na mdogo wangu mapajani. Baba alinibeba akaingia majini mpaka kiunoni. Mimi sikuwa nalia. Nilikuwa na hasira, maana nilikuwa nimeshaanza kufikiria watoto wapya nitakaowakuta huko, na mdomo wao. Nikamwambia sikioni, akija asije na saa kulia: "Ukiya, usiye na saa mkono huo. Vaa kama wachu."

Alinitazama. Nilidhani atanigombeza. Akanipachika kwenye ukingo wa boti, akaivua ile saa kwa kuivuta, akaivaa kushoto, akauinua mkono niuone vizuri. "Haya," akasema, "nishakuwa kama wachu." Mama alikuwa amegeuka, anamfunika mdogo wangu jua. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Nilifurahi, rafiki yangu. Nisikufiche hilo. Niliondoka kisiwani kwetu nimefurahi.

Chombo cha pili hakikufika. Tulikuwa kambini, hapa pwani ya Mombasa, chini ya maturubali, na kila siku kulikuwa na habari mpya: wamekamatwa njiani, wamepinduka kwenye miamba, wameonekana Lamu. Mama aliuliza kila aliyeshuka. Mwezi wetu wa pili kambini akaja mvuvi wa Burgao, bandari iliyo njiani kati ya visiwa vyetu na Kenya. Alikuwa mtu mzima, mpole, amejitolea kupita hema kwa hema kwa sababu, alisema, amezika watu na hataki kubaki nao peke yake moyoni. Bahari iliwatupa watu watatu ufukweni kwao. Wawili walishajulikana. Wa tatu alikaa sana majini, uso haukusomeka, nguo ni kikoi kama vikoi vyote. Alikuwa na saa ya mkanda wa chuma.

Wanawake wakasogea. Mama akauliza, "Saa aliivaa mkono upi?"

"Wa kushoto, mama. Niliiona kwa macho yangu, kabla wale wachu wa bunduki kuya kuivua."

Mama akashusha pumzi ambayo sijui alikuwa ameishika tangu lini. "Alhamdulillahi," akasema. "Si yeye. Wangu huvaa kulia, kisiwa kizima chajua." Akasimama, akawasha moto, akampikia yule mvuvi chai ya tangawizi na kumkandia mkate kwa unga wetu wa mwisho wa juma. Alikuwa anaimba chini kwa chini. Nami nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale. Mkono ule ulioinuliwa nilikuwa nauona wazi, nami nikampokeza mama kuni za moto.

Nilijiambia kwamba huenda aliirudisha saa kulia mara tu tulipopotea machoni, na huyo wa Burgao ni mwingine. Nilijiambia kwamba nikisema, ndipo baba atakufa. Na nilimwogopa mama, kwamba atajua nilimwambia baba nini, na kwa nini. Kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi ya mwaka uliotangulia. Kambi ilifungwa, tukahamia mjini, nikasoma, nikaolewa, nikazaa. Mama akawa anapiga pasi kanzu ya baba kila Idi, ile moja aliyokuja nayo, na kuitundika.

Alitokea mwanamume, fundi wa mashine za boti, mjane, mtu wa kwetu. Alimtuma dada yake kumposa mama mara mbili, miaka minne katikati. Alikuwa mcheshi, akipita dirishani mama alikuwa anajitanda vizuri, tuliona. Watu wakamshauri mama aende kwa kadhi, mume aliyepotea sheria yake ipo. "Niende kuomba nini?" alisema. "Mie nina mume. Maiti ya Burgao nilishaiulizia, haikuwa yeye." Alijibu hivyo mara zote mbili, na mara zote mbili nilikuwepo, nikimenya vitunguu.

Nilimwambia mama mwaka wa tatu huu sasa. Alikuwa ametoka hospitali, amekonda, nikaogopa atakufa akiwa anangoja. Nilisema yote, na maneno yangu ya botini pia. Hakulia. Akauliza kama watu wa Burgao walimlaza sawasawa, kwa ubavu wa kulia. Nikamwambia ni Waislamu, walimlaza sawasawa. Akasema basi nimletee ile kanzu. Sheikh wa mtaa alikuja kumweleza kwamba eda yake ya kufiwa na mume iliisha zamani, tangu sisi tuko kambini, hana lililobaki juu yake. Mama akamsikiliza kwa adabu, na sheikh alipotoka akavaa nguo nyeupe, akakaa miezi minne na siku kumi ndani. Nilimpikia mimi. Siku zote hizo nilikuwa nangoja anigombeze, na hakunigombeza.

Siku ya kutoka tulimwogesha, tukamfukiza udi. Akakaa kitandani ananyoosha leso mapajani, akaniuliza bila kunitazama: "Na yule fundi wa mashine, yu hai?"

Nikamwambia alikufa, miaka miwili nyuma. Akamwombea rehema, akaomba chai.

Ngumi ilituponyoka, na banda la baba, na chuo pamoja na mwalimu na kiboko chake, na bangili chini ya jiko. Kwa hayo yote nina watu wa kuwalaani, nami nawalaani. Ile miaka ya mama yangu hakuna mwenye bunduki aliyeichukua. Niliichukua mimi, kidogo kidogo, nikiwa nimekaa naye jikoni.